Vitawe na vitate

Vitawe (umoja: *kitawe*) ni maneno ya Kiswahili yanayoandikwa kwa namna moja lakini yana maana zaidi ya moja, kama vile *paa*, *kaa*, *ua* na *panda*. Vitate (umoja: *kitate*) ni maneno yanayokaribiana kwa matamshi lakini yanatofautiana kwa sauti moja au mbili na kwa maana, kama vile *kula* na *kura*, au *mahali* na *mahari*. Istilahi hizi mbili zimezoeleka zaidi katika shule za Kenya. Nchini Tanzania mwanafunzi hukutana na mambo hayohayo katika mada ya utata wa lugha, na akifika chuoni huyasikia tena kwa majina ya homonimu na polisemia.

Makundi haya mawili ndiyo malighafi ya michezo mingi ya maneno katika Kiswahili: vitendawili, mafumbo, utani, mashairi ya kujibizana na vichekesho vya redioni. Hata hivyo hayafanyi kazi kwa njia moja. Mchezo wa kitawe hutegemea sarufi kunyamaza. Mchezo wa kitate hutegemea sikio kuteleza. Tofauti hiyo ina uzito hata nje ya mchezo, kwa sababu mahali ambapo watu hucheka ndipo pia mikataba hukosewa na wanafunzi hupoteza alama.

Jinsi sarufi inavyotenganisha vitawe

Kiswahili kina vitawe vingi, na vingi kati yake ni vifupi, vya silabi mbili tu. Neno *paa* peke yake ni mnyama wa porini, ni sehemu ya juu ya nyumba, ni kitendo cha kwenda juu angani, na ni kitendo cha kuondoa magamba ya samaki. Mgeni akiona orodha ya namna hii katika kamusi hudhani kwamba Waswahili huishi katika mkanganyiko. Sivyo. Katika mazungumzo ya kawaida utata hutokea mara chache, na sababu kubwa ni upatanisho wa kisarufi.

*Paa amekimbia* ni mnyama. *Paa linavuja* ni nyumba. *Nyanya amefika* ni mzee wetu. *Nyanya imeoza* ni kiungo cha mchuzi. *Kifaru ameonekana* ni habari ya mbuga. *Kifaru kimeonekana* ni habari ya vita. *Ua limechanua* ni la bustanini, *ua umebomoka* ni wigo. Kiambishi kimoja mwanzoni mwa kitenzi kinatosha kumaliza shauri. Mfano ambao walimu huupenda ni huu: *Chungu ameingia katika chungu chenye dawa chungu.* Neno ni lilelile mara tatu, lakini hakuna anayebaki na swali: wa kwanza ni mdudu, cha pili ni chombo, na la tatu ni sifa ya dawa.

Methali inayosema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji ni ushahidi mzuri wa jambo hili. Mtu asiyejua kwamba *tembo* ni pia pombe ya mnazi atashangaa mnyama mkubwa namna ile anatiwaje maji. Lakini kiambishi *-li-* katika *hulitia* kinaonyesha kwamba kinachozungumzwa kiko katika ngeli ya LI-YA. Tembo wa porini angetaka *-m-*. Wanafunzi wengi wameikariri methali hiyo bila kuitazama silabi hiyo, na hapo ndipo ilipo maana yote.

Mahali ambapo sarufi hunyamaza

Kwa kuwa upatanisho huua utata, anayetaka kucheza na vitawe hana budi kutafuta mahali ambapo upatanisho haufiki. Mahali hapo papo, tena si pachache.

Pa kwanza ni nomino inapotumika kama yambwa bila kivumishi chochote. *Niletee mbuzi*, asema mama aliyeko jikoni. Katika miji ya pwani *mbuzi* ni pia kifaa cha kukunia nazi: kigoda kifupi chenye miguu ambacho mtu hukikalia, na ulimi wa chuma wenye meno umechomoza mbele kama kichwa. Sentensi hiyo haisemi ni mbuzi yupi. Mama angesema *niletee mbuzi yangu*, mambo yangekwisha. Mtoto aliyelelewa bara, asiyewahi kuona kifaa hicho, anaweza kwenda bandani kwa nia njema kabisa.

Pa pili ni pale kiunganishi cha umilikaji kinapofuata nomino nyingine. Mfano bora, kwa maoni ya wengi wanaofundisha somo hili, ni *nyama ya kima*. *Kima* ni jamii ya tumbili. Ni nyama iliyosagwa, ile inayotiwa katika sambusa. Na ni kiasi au thamani ya kitu. *Ya* inapatana na *nyama*, si na *kima*, kwa hiyo haitusaidii. Kibao cha duka la nyama kilichoandikwa maneno hayo matatu kinaweza kumtisha msafiri, ingawa mwenye duka hana hatia. Labda ndiyo maana wauzaji wengi sasa hupendelea kuandika *nyama ya kusaga*.

Pa tatu ni pale maana zote mbili zinapokuwa katika ngeli moja. *Mto* wa maji na *mto* wa kulalia vyote ni U-I: *mto umechafuka*, *mto umeingia matope*, *mto ni mrefu*. *Ziwa* la maji na *ziwa* la mama vyote ni LI-YA. *Pembe* ya ng'ombe na *pembe* ya chumba vyote ni I-ZI. Hapa ni muktadha tu unaookoa. Katika mitihani ya Kenya mwanafunzi huagizwa atunge sentensi moja inayobainisha maana mbili za neno kama hili, na jibu zuri ni lile linalompa kila neno jirani wake: *Alibeba mto wake akaenda kulala kando ya mto.*

Pa nne ni vitenzi, ambavyo havina ngeli yake vyenyewe. *Panda mti* ni wito wa kuhifadhi mazingira, na kwa mtoto mtundu ni ruhusa ya kukwea. *Shinda* ni kupata ushindi na ni kukaa mahali tangu asubuhi hadi jioni, na hapa utani wa mpira umepata chakula kisichokwisha. Mtu akisema: "Vijana wetu wameshinda uwanjani," mwenzake humjibu: "Ndiyo, kutwa nzima, kisha wakarudi na magoli matatu." *Rudi* nalo lilikuwa na maana ya kuadhibu au kuadilisha, kama katika *mzazi alimrudi mwanawe*, vijana wengi wa leo wanaijua maana moja tu ya neno hilo, kwa hiyo kitawe kinakufa polepole, na mafumbo yaliyojengwa juu yake yanakufa nacho.

Mara nyingi kitenzi hutofautishwa na yambwa yake. *Ota ndoto*, *ota moto*, *ota ndevu*: ondoa neno la pili, na *ameota* inabaki wazi. Viambishi vya mnyambuliko huongeza utata wao. *Juma alimpigia Ali mpira* inaweza kumaanisha kwamba aliupiga kuelekea kwa Ali, au aliupiga kwa niaba yake. Katika fasiri ya kwanza Ali ndiye mpokeaji. Katika ya pili huenda hata hakuwepo.

Kitendawili na upatanisho wa uongo

Vitendawili vingi vya Kiswahili havitegemei vitawe. Hutegemea sitiari: kitu huitwa kwa jina la kingine kinachofanana nacho kwa umbo au tabia. Lakini vile vinavyotegemea vitawe vina ujanja mmoja unaostahili kuangaliwa, nao ni kusema uongo kwa sarufi. Mtegaji akisema, "Nina mbuzi wangu anatafuna nazi kila siku wala hashibi," amekipa kifaa cha jikoni upatanisho wa mnyama makusudi. Msikilizaji anayeamini kiambishi *a-* amekwisha kunaswa. Kwa hiyo sarufi ileile inayotulinda katika mazungumzo ndiyo hutumika kama chambo.

Mtu anaweza kutunga sentensi za mchezo kwa njia iliyo kinyume, yaani kuacha sarufi iseme kweli na kuziweka maana mbili ubavu kwa ubavu: *Paa hapai hata akipanda paa. Kaa hakai juu ya kaa la moto. Meza haimezi. Chuma hakichumwi mtini.* Sentensi kama hizi hazina utata hata kidogo. Raha yake ni kuona jinsi neno linavyojigeuza huku kila kiambishi kikikaa mahali pake, na darasani ni zoezi zuri kuliko kukariri orodha.

Katika ushairi iko aina ya shairi iitwayo *zivindo*, ambayo kazi yake ni kuonyesha maana mbalimbali za neno moja. Mashairi ya kujibizana ya Mombasa nayo yalitumia sana maneno yenye maana ya juu na ya ndani. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alisifika kwa mafumbo ya namna hiyo katika enzi ya uhasama kati ya Mombasa ya Wamazrui na Seyyid Said. Katika balagha ya Kiarabu, ambayo washairi wengi wa pwani waliifahamu, mbinu ya kulinganisha maneno yanayofanana kwa sauti ina jina lake: *jinas*.

Maneno yanayofanana kwa maandishi tu

Si kila kinachoitwa kitawe ni kitawe kinywani mwa kila Mswahili. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilisimamia tahajia moja. Tahajia hiyo haionyeshi mpumuo. Lakini katika Kimvita na Kiamu sauti *p*, *t* na *k* zinaweza kutamkwa kwa kutoa pumzi au bila kutoa pumzi, na tofauti hiyo hubadili maana. Mnyama *paa* hutamkwa kwa pumzi, paa la nyumba bila pumzi. *Kaa* wa baharini ana pumzi, kaa la moto halina. *Tembo* wa porini ana pumzi, tembo la mgema halina. Baadhi ya wataalamu wa lahaja huandika *p'aa*, *k'aa*, *t'embo* ili kuonyesha jambo hilo.

Maana yake ni kwamba mifano mitatu inayopendwa sana vitabuni kuwa vitawe ni vitate kwa mzee wa Mombasa. Sikio lake husikia maneno mawili pale ambapo wengine husikia moja. Kitabu cha shule kingefaa kulisema hili, angalau kwa sentensi moja, ili mwanafunzi wa pwani asiambiwe kwamba anachokisikia hakipo.

Mkazo nao haundikwi. *Barabara* ya magari huwekewa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno mengi ya Kiswahili. *Barabara* yenye maana ya sawasawa huwekewa mkazo kwenye *ra* ya kwanza. Hivyo *barabara imejengwa barabara* haimsumbui msomaji anayesoma kwa sauti. *Walakini* ni mfano wa pili: *Walakini, nyumba hii haina walakini.* Neno la kwanza lina mkazo kwenye *la*, la mwisho kwenye *ki*. *Mbuni* nalo hugawanyika kwa silabi: ndege ni *mbu-ni*, ilhali mti wa kahawa, na pia mtu anayebuni, ni *m-bu-ni*.

Yanakotoka

Wanaleksikografia hutofautisha homonimu, yaani maneno mawili yaliyokutana umbo kwa bahati, na polisemia, yaani neno moja lililopanuka maana. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, huzipa homonimu vidahizo tofauti vyenye tarakimu, na huorodhesha maana za polisemia ndani ya kidahizo kimoja.

Kukopa maneno kumeongeza homonimu nyingi. *Meza* ya samani ilitoka Kireno. *Meza* la kumeza ni la Kibantu. *Tai* ya shingoni ilitoka Kiingereza ikamkuta ndege tai. *Wali* wa sahani ni wa Kibantu, *wali* mwenye kutawala mkoa alitoka Kiarabu. Kima wa porini ni wa Kibantu, kima ya sambusa ilikuja na mapishi ya Kihindi, na kima chenye maana ya thamani kilitoka Kiarabu: mabara mawili yamekutana katika silabi mbili.

Polisemia hutokana na kufananisha. Kifaru cha vita kiliitwa hivyo kwa ngozi yake ngumu na mwendo wake wa kuvunja kila kitu. Maelezo yanayorudiwa sana kuhusu *kanga* ya kuvaa ni kwamba vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoa meupe kama manyoya ya ndege kanga.

Maeneo nayo hutofautiana. Mwanamume wa Kongo akisema *bibi yangu* anamtaja mke wake, na wengi wa bara ya Kenya husema vivyo hivyo. Mtanzania anayemsikiliza hufikiri habari ni za mama mzaa baba au mama mzaa mama. Mazungumzo yanaweza kwenda mbali kabla ya mmoja kugutuka.

Vitate na kinywa cha msemaji

Vitate vingi vinavyofundishwa hujengwa juu ya jozi chache za sauti. *L* na *r* ndizo maarufu: *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*, *kalamu* na *karamu*, *fahali* na *fahari*, *hali* na *hari*. Wakati wa uchaguzi utani wa kula na kura husikika kila pembe, na unaeleweka hata kwa asiyesoma, maana umebeba shutuma nzima ndani ya herufi moja. Jozi nyingine ni *s* na *sh* (*suka*, *shuka*), *s* na *z* (*sana*, *zana*), *f* na *v* (*fua*, *vua*), *b* na *p* (*bata*, *pata*), *d* na *t* (*doa*, *toa*), *ng* na *ng'* (*ngoa*, *ng'oa*), na *dh* na *th*.

Lugha kadhaa za Kibantu hazitenganishi *l* na *r*; Kikuyu, kwa mfano, hakina *l*. Kwa hiyo mtu aliyejifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama anaweza kujua tofauti ya *mahali* na *mahari* vizuri kabisa, akaziandika sawasawa, na bado ulimi ukamsaliti. Hapa panahitajika uangalifu. Mchezo wa maneno ni pale msemaji anapochagua neno ili lisikike mara mbili. Kumwigiza mtu ambaye hakuchagua si mchezo wa maneno, ni kumcheka mtu kwa asili yake, na vichekesho vingi vinavyopita kwa jina la vitate ni vya aina hiyo ya pili. Darasani matokeo yake huonekana haraka: mwanafunzi aliyechekwa mara mbili kwa kusema *karamu* badala ya *kalamu* hanyooshi tena mkono.

Kwa upande mwingine, kosa la kitate si dogo kila mara. *Mdhamini* ni mtu anayejifunga kulipa deni la mwenzake iwapo mwenyewe atashindwa. *Mthamini* ni mtaalamu anayekadiria bei ya mali. *Dhamana* huwekwa mahakamani au benki, *thamani* hukadiriwa. Wanaoandika barua za mikopo kwa kufuata matamshi yao huchanganya maneno haya mara kwa mara, na anayetia sahihi akidhani amekadiria tu bei ya shamba la jirani anapaswa kusoma upya herufi moja ya kwanza baada ya *m*. Katika Kiarabu, yalikotoka, maneno haya yana mizizi miwili iliyo mbali. Ni safari ya kuingia Kiswahili iliyoyasogeza karibu.

Ipo pia jozi ambayo walimu huitaja kwa sauti ya chini: *kunywa* na *kunya*. Anayemkaribisha mgeni chai na kudondosha *w* amemwambia kitu kingine kabisa. Hata hivyo *kunya* si tusi kila linapotokea. Mvua kunya ni matumizi ya zamani na ya heshima, na msomaji wa mashairi ya kale hana haja ya kushtuka.

Katika tafsiri

Mchezo wa vitawe na vitate hauvuki mpaka wa lugha. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare mwaka 1963. Tamthilia hiyo hufunguliwa na fundi viatu anayewachezea wakubwa kwa maneno, kwa kuwa katika Kiingereza neno la soli ya kiatu na neno la roho ya mtu husikika sawa. Katika Kiswahili *soli* na *roho* hazikutani popote. Mfasiri wa mahali kama hapo ana njia tatu: kutafsiri maana moja na kuuacha mchezo, kueleza mchezo katika tanbihi, ambako hakuna atakayecheka, au kutafuta kitawe kingine kinachofaa kinywani mwa fundi viatu wa Kiswahili. Njia ya tatu ndiyo ngumu, nayo humtaka mfasiri aachane na maneno ya mwandishi ili abaki na kazi yake. Anayetafsiri *niletee mbuzi* kwenda Kiingereza hukwama palepale, kwa sababu huko mnyama na kikunio vina majina mawili, na mtoto aliyekwenda bandani hana tena kisingizio.